Mafungoni Duluti: Siku Niliyofundishwa na Binti Yangu

Kama umewahi kupanda basi kutoka Arusha kwenda Moshi, basi Tengeru umepita, hata kama hukushuka. Ni pale ambapo migomba imesogea hadi ukingoni mwa barabara, na siku ya Jumamosi akina mama wamejaa njia nzima na mikungu ya ndizi kichwani wakielekea sokoni. Kutoka Mnara wa Saa pale mjini ni kama kilomita 15 tu. Abiria wengi hutazama mkono wa kushoto, uliko Mlima Meru, na mkono wa kulia wanausahau. Lakini huko kulia, nyuma ya mashamba ya kahawa na migomba, limejificha Ziwa Duluti, dogo, la kijani, limezungukwa na msitu kama maji yaliyo ndani ya bakuli. Nataka nikusimulie habari za mahali hapo, na habari ya jambo lililonipata huko.

Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, shule zimekwisha kufungwa. Sisi akina mama wa usharika wetu wa mjini tulikuwa na mafungo ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, katika nyumba ya mafungo iliyo karibu na ziwa. Safari hii tuliambiwa tuje na watoto. Mimi nilikwenda na wawili: binti yangu mkubwa wa miaka 14, na mdogo wake wa kiume wa miaka tisa. Baba yao alibaki nyumbani kwa sababu ya kazi.

Lazima niseme ukweli wa nyumbani kwangu, maana bila huo habari hii haina maana. Binti yangu alipofaulu kwenda kidato cha kwanza, mjomba wake alimletea zawadi ya baiskeli. Nilimshukuru kaka yangu kwa mdomo, kisha baiskeli nikaifungia stoo. Mimi nimezaliwa upande wa juu huko, karibu na msitu wa Meru, na katika utoto wangu baiskeli ilikuwa ya baba na ya kaka zangu. Sisi wasichana tuliambiwa kwamba msichana akipanda baiskeli ataharibika, na siku ya ndoa ataaibisha ukoo. Sikuwahi kuuliza ataharibikaje. Nililimeza neno hilo kama lilivyo, na nikaja nalo hadi mjini.

Siku moja mwezi wa tisa nilitoka dukani nikamkuta binti yangu anaendesha baiskeli ya jirani, sketi ya shule imefungwa fundo, wenzake wanampigia makofi. Nilimshusha na kumchapa mbele yao. Hayo bado si mabaya kuliko yote. Nilimwambia kwamba anatafuta uhuni. Mtoto ambaye hajawahi kunipa sababu hata moja ya kumfikiria hivyo! Tangu siku ile alinyamaza. Asubuhi ilikuwa “Shikamoo mama,” jioni “Ndiyo mama” na “Hapana mama,” basi. Kazi zote alifanya, wala hakunikosea adabu. Lakini nyumba yenye mtoto anayenyamaza ni baridi kuliko Arusha ya mwezi wa saba. Ilikwenda hivyo miezi mitatu.

Basi tulifika Duluti Ijumaa jioni. Asubuhi ya Jumamosi, baada ya sala na chai, tulipata nafasi ya kuzunguka ziwa kwa miguu. Njia ni ya udongo, inapita chini ya miti mikubwa, na pengine mizizi imetoka nje kama ngazi. Msitu huu ni wa hifadhi, na ziwa lenyewe liko katika shimo la volkano ya zamani, ndiyo maana kingo zake zimeinuka pande zote. Watoto waliona kenge mkubwa amelala juani juu ya gogo, na tai mla samaki akilia juu ya miti. Tulipofika mahali penye uwazi, Mlima Meru ulikuwa umejifunua wote, bila wingu. Ni mlima wa pili kwa urefu katika Tanzania, zaidi ya mita 4,500, ingawa wageni wengi humsalimu Kilimanjaro na kumpita huyu. Upande wake wa mashariki ukuta wa kreta uliporomoka zamani sana, ukaacha pengo kubwa. Mwalimu mmoja kati yetu alituambia kwamba mara ya mwisho mlima huu kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Binti yangu alikuwa mbele, anatembea peke yake.

Tuliporudi, mwanangu mdogo alivaa viatu vyake vya magurudumu. Nilivikuta katika mitumba, jozi nzuri, gurudumu moja tu limelika. Nyumbani kwetu njia ni ya mawe, kwa hiyo viatu vile vilikuwa pambo la chini ya kitanda. Lakini pale mafungoni kuna njia ya lami kutoka getini hadi jikoni, hatua kama mia mbili, laini kabisa, na miti pande zote mbili. Mtoto aliteleza, akaanguka, akainuka, akateleza tena. Watoto wengine wakapanga mstari kungoja zamu. Baiskeli aina ya Phoenix ya mlinzi ilikuwa imeegemezwa ukutani, nami nikamwona binti yangu anaitazama, kisha ananitazama mimi, kisha anatazama chini.

Katika kundi letu yupo mama mmoja nesi mstaafu, umri wake umepita miaka 60. Nafikiri naye aliona. Aliinuka, akamwomba mlinzi ruhusa, akakaza kitenge chake vizuri, akapanda ile baiskeli ya kiume kama ilivyo! Alikwenda hadi getini na kurudi, huku anapiga kengele. Akina mama tulipiga vigelegele mpaka wapishi wakatoka jikoni. Aliposhuka alituambia kwamba miaka yake ya kwanza ya kazi, kule vijijini, aliwafuata wajawazito kwa baiskeli, mfuko wa vifaa ukiwa umefungwa kwenye keria. Usiku, mvua, matope, alikwenda. Akasema, “Kuna watoto ambao leo ni baba za watu, wasingekuwapo kama mimi ningeogopa baiskeli.”

Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini swali ambalo mimi sikuthubutu: je, si kweli kwamba msichana huharibika? Nesi hakucheka. Alituita akina mama pembeni, akatueleza wazi kama mtu aliyezalisha wanawake miaka thelathini. Alisema maumbile ya wasichana yanatofautiana tangu kuzaliwa, na kwamba hakuna daktari wala mkunga anayeweza kumtazama msichana na kujua kama amewahi kukutana na mwanamume. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe, kwa kuwa hauna msingi wa kisayansi na unawaumiza wasichana. “Usafi wa binti,” alisema nesi, “uko katika moyo wake na katika malezi yako. Hauko kwenye siti ya baiskeli.” Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu siku ile havikuwa na kamba.

Alasiri tulikwenda kuona makaburi ya Wapolandi, ambayo yamo ndani ya eneo la chuo cha mifugo pale Tengeru. Wengi wetu tumeishi Arusha maisha yote bila kuyajua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika miaka ya 1940 na 1941, maelfu ya familia za Poland ya mashariki zilikamatwa na serikali ya Kisovyeti na kupelekwa mbali, hadi Siberia. Walipoachiliwa, wengi walishuka hadi Iran, na kuanzia mwaka 1942 baadhi yao waliletwa Afrika Mashariki. Tengeru ilikuwa kambi yao kubwa kuliko zote katika Afrika, yenye watu kama 5,000, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Waume walikuwa vitani, au wamekufa. Walijenga kanisa, shule na hospitali, wakalima, wakafundisha watoto wao lugha ya kwao chini ya Mlima Meru. Baada ya vita wengi hawakurudi kwao. Walitawanyika Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Waliobaki wamelala pale, makaburi kama 150, meupe, yamepangwa vizuri, ya Wakatoliki, ya Waorthodoksi na ya Wayahudi.

Nilisimama mbele ya kaburi dogo. Sikuweza kusoma maneno yake, lakini miaka niliweza kuihesabu: alikuwa mtoto. Nikamfikiria mama yake, aliyemvusha mtoto huyo katika theluji na jangwa na bahari, kisha akamzika katika udongo huu wetu mwekundu. Mama yule angetoa nini ili apate jioni moja tu zaidi ya kuzungumza na mwanawe? Na mimi wangu yuko hai, yuko hatua kumi kutoka hapa, na tangu Septemba hatujazungumza.

Ndugu yangu, sikungoja ibada ya jioni. Tuliporudi nyumba ya mafungo nilimkuta binti yangu ameketi kwenye ngazi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakanipotea. Nikamwambia, “Mama, nilikosa. Lile neno nililokuambia halikuwa kweli, na nilijua si kweli wakati nalisema. Nisamehe.” Hakujibu. Alichora chora chini kwa kidole chake. Nikaongeza, nami sijui lilitoka wapi, “Tena mimi sijui kuendesha baiskeli. Nifundishe.”

Aliinua macho. “Wewe, mama?”

“Mimi.”

“Mbele ya watu?”

“Si na mimi nilikuchapa mbele ya watu?”

Alikwenda kumwomba mlinzi baiskeli, akarudi na spana pia. Akina mama wenzangu, kama nawe hujui kuendesha, sikiliza jinsi alivyonifundisha, maana ni njia nzuri. Kwanza alishusha siti mpaka chini, ili nyayo zangu zote mbili zikanyage ardhi. Pili alizifungua pedeli zote mbili, akaziweka kando. Nikashangaa, baiskeli gani isiyo na pedeli? Akasema, “Mama, shida si kukanyaga, shida ni kusimama. Jisukume kwa miguu kama mtoto anayetambaa.” Nikajisukuma. Mwanzoni hatua fupi fupi, halafu ndefu, halafu nikaona miguu yangu imekaa hewani sekunde mbili, tatu, na baiskeli bado imesimama! Alinikataza kutazama gurudumu. “Tazama unakokwenda, mama. Ukitazama shimo, utaingia shimoni.” Baada ya saa nzima hivi akarudisha pedeli moja, kisha ya pili.

Nilianguka mara nne. Mara ya tatu niliingia katika ua wa michongoma pamoja na kitenge changu na heshima yangu yote. Nikiwa bado nimelala pale nilisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi mitatu. Binti yangu alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakaa chini, nami nikacheka, na mdogo wake akaja mbio na viatu vyake vya magurudumu akatuangukia sote. Kabla ya giza nilikwenda kutoka jikoni hadi getini bila kushikwa. Hatua mia mbili. Nilipofika sikujua kugeuza, nikashuka, nikaigeuza kwa mkono kama mtu anayegeuza mbuzi.

Siku ya Jumapili tuliamka saa kumi na moja alfajiri. Nesi alikuwa amewaomba vijana wa jirani baiskeli mbili, na gari la usharika likatupeleka barabara ya mchepuo, upande wa Usa River. Barabara hii ilijengwa kama kilomita 42, kutoka upande wa Ngaramtoni hadi huku, ili malori ya safari ndefu yasipite katikati ya mji. Ina lami nzuri, na alfajiri ya Jumapili magari ni machache, hivyo wakimbiaji na waendesha baiskeli wa Arusha wameifanya mahali pao pa mazoezi. Binti yangu na nesi walipanda. Mimi na akina mama wengine tulifuata nyuma ndani ya gari, taa zimewashwa, polepole.

Jua lilipotoka, Kilimanjaro alionekana mashariki kama kivuli cha buluu, na kushoto kwetu Meru akawa mwekundu, kisha wa dhahabu. Mashamba ya mahindi yalikuwa mabichi baada ya vuli. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akichunga alisimama kuwatazama, mwanamke mzee na msichana, akainua fimbo yake kuwasalimu. Nilimwona binti yangu kwa nyuma, mgongo umenyooka, mikono imetulia. Nikajua kwamba kwa muda wote ule stoo yangu haikuwa imefungia baiskeli peke yake.

Hapo kabla nisingeamini kwamba mambo haya yana historia ndefu hata miongoni mwa akina mama wa kanisa. Niliporudi nyumbani nilisoma habari za Frances Willard wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1839 na kuongoza umoja mkubwa wa wanawake Wakristo uliopinga ulevi. Mama huyu alijifunza baiskeli akiwa na miaka 53, wakati ambapo watu wengi waliona ni aibu kwa mwanamke. Baiskeli yake aliipa jina Gladys, na mwaka 1895 akachapisha kitabu kidogo kuhusu jinsi alivyojifunza. Kumbe mimi mwenye miaka 46 nilikuwa bado kijana!

Nisikudanganye kwamba yote yamekwisha. Mama mkwe wangu aliposikia alikaa kimya, na kimya chake nakijua. Baba watoto alicheka, kisha akauliza, “Na malori je?” Swali hilo ni la haki. Barabara ya mchepuo haikujengwa kwa ajili ya baiskeli za burudani. Jumatatu malori yanarudi. Wenzetu wa Nairobi wanao Msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai aliutetea kwa nguvu mwaka 1999 ulipotaka kugawanywa kwa wajenzi, na leo familia huendesha baiskeli ndani yake bila kuogopa gari. Nasi wa Arusha tungefaa kuwa na njia ya namna hiyo, laini na salama, ambapo mama anaweza kuanguka bila kukanyagwa. Hili tuliseme kwenye vikao vya mtaa, tusiwaachie wengine.

Kwa sasa, ukitaka kujaribu, shika mambo haya machache. Vaa kofia ngumu, wewe na mtoto, hata kwa safari fupi. Vaa suruali ndani ya sketi pana, au fungia kitenge vizuri, maana mnyororo hauna adabu; ukiweza tafuta baiskeli ya kike yenye kinga ya mnyororo. Kagua breki na upepo wa matairi kabla hujapanda. Anza uwanja wa kanisa au wa shule siku ya mapumziko. Barabarani nenda alfajiri kungali na magari machache lakini kumepambazuka, mkiwa kundi, mmoja nyuma ya mwingine upande wa kushoto, na gari au mtu mzima akifuata nyuma. Ukienda Duluti chukua maji, viatu vya kutembelea na sweta, na baiskeli uiache nje ya msitu; njia ile ni ya miguu.

Tulipofika nyumbani Jumapili jioni, kabla hata ya kuweka sufuria jikoni, nilitoa ufunguo wa stoo kwenye fundo la kanga yangu nikampa binti yangu. Hakusema kitu. Alifungua, akaitoa baiskeli, akapangusa vumbi. Matairi yalikuwa yamelala kabisa. Akaniambia, “Mama, shika hapa,” nami nikashika, naye akapiga pampu.